Kliniki ikimlaza mnyama wako usiku, iwe lazima kukuambia nani anabaki nae?

mwana_raskazone: Jamani nauliza kwa uchungu. Mwezi uliopita nilimpeleka mbwa wangu Popi kutolewa kizazi kliniki moja hapahapa Tanga mjini, siitaji. Saa 10 jioni naambiwa operesheni imeenda vizuri, mwache alale hapa atakuwa chini ya uangalizi, nikalipa elfu 30 ya kulazwa mbali na ile ya operesheni. Saa 5 usiku roho ikakataa kutulia, nikamwambia mume wangu twende tukamuone. Taa zimezimwa, geti limefungwa, hakuna mtu, mlinzi tu. Asubuhi napigiwa simu Popi amekufa, alivuja damu ndani kwa ndani. Sisemi daktari akeshe. Nasema kabla sijasaini niandikiwe kwamba saa fulani mpaka saa fulani hapa hamna wa kumwangalia, ningembeba nikalala nae sebuleni. Iwe lazima kwa sheria au hapana?

mfugaji_pongwe: Pole dada. Ila sie wa ng'ombe hatuna habari ya kulaza, ng'ombe akizaa usiku akaanguka na homa ya maziwa unamfata dokta na bodaboda aje na chupa ya kalsiamu zizini, akichelewa mpaka asubuhi huna ng'ombe. Nyie wa mjini mnataka mbwa awe na nesi wa zamu.

mtoto_wa_ngamiani: Nimesoma vizuri nikafika hapo "hakuna mtu, mlinzi tu" nikasimama. Mlinzi si mtu? Baba yangu amelinda maduka Chumbageni miaka 19, sisi wanne tumesoma kwa rungu lile na koti lile.

mwana_raskazone: Kaka samahani, nilimaanisha mtu wa taaluma ya wanyama.

mtoto_wa_ngamiani: Ulimaanisha ulichoandika.

dokta_mikanjuni: Mie ni daktari wa mifugo na naona tunatukanwa humu. Kliniki nyingi daktari ni mmoja, asubuhi chanjo, mchana uko Muheza kwenye ng'ombe, jioni operesheni, na usiku huo huo unapigiwa simu mbuzi kashindwa kuzaa. Nikibandika kibao kwamba usiku hapana mtu nani ataniletea mnyama? Wataenda kwa wauza dawa wa dukani.

sahare_2: Dokta hakuna aliekutukana, jibu swali. Elfu 30 ya kulazwa inalipia nini kama umeenda kulala kwako?

dokta_mikanjuni: Inalipia kizimba, dawa, dripu, usafi. Na naomba heshima.

binti_wa_usagara: Marekani hii ni sheria, kliniki isiyo na mtu usiku lazima ikwambie.

makorora_boi: Sio Marekani yote dada. California ndo lazima mteja ataarifiwe kabla, hata kwa kibao mlango mkuu. Virginia wanataka iwe kwa maandishi. Na wenzetu hao wana hospitali za wanyama za usiku unaweza kumhamishia, sie ukishaambiwa unampeleka wapi, Dar?

binti_wa_usagara: Nyumbani! Si amesema angelala nae sebuleni? Mnyama aliepigwa nusukaputi anashuka joto, anatakiwa afunikwe na aangaliwe mpaka asimame mwenyewe. Ukimfunua mdomo ufizi umekuwa mweupe ujue damu inapotea, hilo hata mimi nisiesoma naliona. Na mbwa wa parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha na kutapika, anaharisha usiku kucha, akiing'oa ile sindano ya dripu saa 7 mpaka saa 2 asubuhi amekauka.

mzee_duga: Nchi ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2004 na Baraza lake, pelekeni malalamiko huko mbona mnalilia humu.

makorora_boi: 2003 mzee. Na Baraza linasajili madaktari na vituo, sawa, lakini utamshtaki mtu kwa kosa gani kama neno "uangalizi" halina maana iliyoandikwa popote? Hapo ndo pa kubana.

mzee_duga: 2003, 2004, sheria ipo. Halafu huyo kijana wa mlinzi apunguze munkari, walinzi wetu tunawajua, saa 6 keshajifunika kanga ya mkewe anakoroma.

mtoto_wa_ngamiani: Mzee nakuheshimu kwa umri tu. Unamlipa mtu laki na nusu kwa mwezi, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, hana choo hana taa, halafu unamcheka akisinzia. Huyo huyo kukiibiwa ndo wa kwanza kulala polisi. Baba aliwahi kulala siku tatu kwa kufuli alilovunja mtoto wa mwenye duka.

mfugaji_pongwe: Hilo kweli kabisa, na mimi nilishawahi kumwonea mchungaji wangu hivyohivyo, nilimlipa baadae.

sahare_2: Jamani tulikuwa kwenye kliniki.

mwana_raskazone: Mtoto wa Ngamiani naomba unisikilize. Kuna kitu sikuandika mwanzo kwa kumwogopea yule mzee mlinzi, sasa ameshaacha kazi pale. Usiku ule alikuja getini akaniambia mama, mbwa mmoja analia tangu saa 3, nimempigia dokta mara nne simu imezimwa, na chumba cha ndani wamekifunga ufunguo wameondoka nao. Akatoa simu yake akanionyesha zile simu nne alizopiga. Tukazunguka nae mpaka dirisha la nyuma nikamwita Popi, akanyamaza kidogo, akalia tena. Mzee akasema nivunje? Mimi ndo niliemkataza, nilihofia atafungwa. Kwa hiyo ndugu yangu mtu alikuwepo. Nilikosea kuandika vile na nalijua hilo kuliko wewe.

binti_wa_usagara: Ya Rabi.

dokta_mikanjuni: Kufunga chumba na kuzima simu mnyama yuko ndani siwezi kulitetea. Ila msituweke wote kapu moja.

mtoto_wa_ngamiani: Dada yameisha, pole sana na Popi. Dokta nakuuliza wewe kwa vile uko hapa: usiku ule alieshika zamu ni yule mzee. Katika ile elfu 30 ya uangalizi yeye alipewa ngapi?