Mchoro wa manowari ya matanga usio na jina: je, ni Liverpool ya Sayyid Said?

Mwana_Forodhani: Salaam wakuu. Nimepata nakala ya mchoro wa manowari ya zamani, pamoja na mfano wa nusu meli uliobandikwa ubaoni. Muuzaji anashikilia kwamba vyote ni vya Liverpool, ile meli ya msaji iliyoundwa Bombay mwaka 1826 kwa Sayyid Said, naye akamzawadia Mfalme William IV wa Uingereza mwaka 1836, ikaitwa Imaum. Mchoro hauna jina wala mwaka. Kuna safu mbili kamili za matundu ya mizinga, na omo, yaani mbele ya meli, kwa juu ni bapa kama ukuta. Kwetu Unguja meli hii ni historia yetu, nisingependa kuitangaza bila uhakika. Nianzie wapi?

Fundi_Mkuku: Hesabu matundu ya sitaha ya chini, upande mmoja tu. Ya juu kwenye shetri, sitaha ya nyuma, yaache kwanza, yalikuwa yakibadilishwa kila meli ikiingia gudini kutengenezwa. Manowari ya Kiingereza ya mizinga 74, kama Liverpool, kwa kawaida ina 14 pale chini.

Ila hiyo omo bapa inanitia shaka kubwa. Kwenye manowari kubwa Waingereza waliiacha mnamo 1811 hivi, wakaziba omo kwa mviringo hadi juu ili mizinga ya adui isipenye kirahisi. Mimi ningetafuta karne ya 18.

Binti_Nahodha: Fundi, polepole. Bombay walijenga kwa michoro iliyotoka Uingereza, na wakati mwingine ya zamani kweli. Manowari Trincomalee ya 1817, ambayo bado inaelea Hartlepool, ilifuata umbo la Hébé, frigeti (manowari nyepesi) ya Wafaransa iliyotekwa 1782! Tena michoro yake ya kwanza ilipotea pale manowari Java iliyoibeba ilipotekwa na Wamarekani mwaka 1812, ikabidi itumwe mingine. Mchoro mmoja umezaa meli nyingi, kwa hiyo kwanza utapata aina. Jina la meli huja baadaye.

Mzee_wa_Dira: Mwanangu, tazama mstari wa kipimo chini ya karatasi. Futi hazikuwa sawa. Ya Mfaransa ilikuwa kama milimita 325, ya Mwingereza 305, ya Amsterdam 283. Hapo wengi hupotea, wanapata meli fupi au ndefu kuliko ilivyokuwa.

Mwana_Forodhani: Shikamoo mzee. Mstari upo, umeandikwa "pieds". Matundu ya chini ni 13.

Mzee_wa_Dira: Marahaba. Hiyo ni ya Kifaransa basi. Matundu 13 chini ni dalili ya manowari ya mizinga 64: 26 chini, 28 sitaha ya pili, 10 juu. Ni ya karne ya 18, Liverpool haimo kabisa.

Fundi_Mkuku: Na ule mfano, omo yake ikoje?

Mwana_Forodhani: Mviringo hadi juu. Matundu ya chini 14.

Binti_Nahodha: Hapo una meli mbili tofauti! Usiutupe mfano. Pima urefu wa sitaha ya chini, zidisha kwa 48, maana Waingereza walipenda robo inchi kwa futi. Kisha waandikie jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich, ndiko iliko michoro ya wanamaji wa Uingereza. Wapelekee picha ya ubavu na ya tezi, yaani nyuma ya meli, kwa sababu tezi za mviringo zilianza mnamo 1817, na Liverpool iliundwa baada ya hapo.