Tupeane uzoefu: saratani ya mji wa mimba Marekani, ulifunguliwa tumbo au ulipasuliwa kwa matundu?

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naomba waliougua saratani ya mji wa mimba, au waliouguza, waeleze walipasuliwa vipi (kwa mkato mrefu wa tumbo, au kwa matundu madogo yanayopitishiwa kamera na vifaa) na walipewa sababu gani. Tafiti za huku zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake weusi, pamoja na wenye Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au wasio na bima kabisa, hufunguliwa tumbo zaidi kuliko wanawake weupe wenye bima binafsi, hata wakilinganishwa wagonjwa wenye umri na maradhi yanayofanana. Ilhali jaribio la LAP2, lililolinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa zaidi ya 2,600 wa saratani hii, lilikuta kwamba baada ya miaka 5 takriban asilimia 90 walikuwa hai, kwa njia zote mbili.

Mlezi wa Houston: Mimi nilifunguliwa, kuanzia kitovuni hadi kinenani, nikafungwa kwa pini za chuma. Daktari alisema kizazi kimejaa uvimbe na kisingepita ukeni kikiwa kizima, na chenye saratani hakikatwikatwi ndani ya tumbo kwa kuhofia kuisambaza. Sababu hiyo naikubali. Nisichokikubali ni kwamba hospitali ile haikuwa na bingwa wa saratani za uzazi, wala hakuna aliyenipa rufaa ya kumwona mmoja kabla ya kisu. Kazi yangu ni kuwanyanyua wazee kitandani, nami nilikatazwa kunyanyua chochote kizito kwa wiki 6. Sheria ya likizo ya familia na matibabu (FMLA) ya mwaka 1993 inalinda ajira kwa wiki 12, lakini mshahara hailipi.

Dada wa Minnesota: Pole sana, dada. Mama yetu alikuwa na bima ya kazini. Alipasuliwa kwa matundu, kwa msaada wa roboti, akarudi nyumbani siku ya pili.

Muuguzi: Shikamooni. Msichanganye mji wa mimba na shingo yake. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilikuta kwamba waliopasuliwa kwa matundu walirudiwa na ugonjwa na kufariki zaidi, kwa hiyo huko kufunguliwa tumbo si dalili ya kubaguliwa.

Mkongo wa Kentucky: Kwa shangazi yangu, tatizo lilianzia kwenye lugha: alitia saini fomu iliyotafsiriwa na mjukuu wa darasa la saba. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuleta mkalimani bure, hata kwa simu. Mwombeni siku ya kupanga upasuaji, si asubuhi ya kupasuliwa.