Mjadala: Je, Notre Dame ilionewa kuachwa nje ya timu 12?

Hoja iliyo mbele yetu ni kama timu ya Chuo Kikuu cha Notre Dame ilidhulumiwa tarehe 7 Desemba 2025, pale kamati ya uteuzi ilipotangaza timu 12 za kuwania ubingwa wa futiboli ya Kimarekani (si kandanda) ya vyuo vikuu na kuiacha nje, ingawa ilikuwa imeshinda michezo kumi na kupoteza miwili tu. Wachangiaji wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba timu ya Chuo Kikuu cha Miami ilipewa nafasi isiyo yake, na wapo wanaosema kwamba Notre Dame ilizoea kubebwa na safari hii imeonja wanayoonjeshwa wenzake. Mimi sikubaliani na upande wowote. Naona kwamba Miami ilistahili kuwa juu ya Notre Dame tangu orodha ya kwanza ilipotoka, na kwamba dhuluma iliyotendeka haikuwa baina ya timu hizo mbili. Ilitendeka nafasi moja juu yao, mahali timu ya Alabama ilipoachwa ibaki bila kushushwa.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, nieleze kwanza utaratibu wake. Tangu msimu wa 2014 hadi ule wa 2023, ni timu nne tu zilizochaguliwa kucheza mtoano. Kuanzia msimu wa 2024 zikawa 12. Katika misimu miwili ya kwanza ya mfumo huo mpya, mabingwa watano wa ligi walio juu zaidi katika orodha ya kamati waliingia kwa haki yao, na nafasi saba zilizobaki zikajazwa na timu nyingine zilizofuata kwa ubora, bila kujali zinatoka ligi gani. Vyuo vinavyoshiriki daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila kimoja hucheza takriban michezo 12 kabla ya fainali za ligi, hivyo timu nyingi hazikutani kabisa. Hakuna msimamo mmoja wa ligi wenye pointi za kuhesabika, kama ule tuliouzoea katika kandanda. Wajumbe wa kamati hukaa, hupima, hupiga kura, na kuanzia Novemba hutangaza kila wiki orodha ya timu 25. Orodha hizo za kila wiki ndizo chanzo cha uchungu wote huu, kama nitakavyoonyesha.

Tuanze na Miami. Tarehe 31 Agosti 2025 timu hizi zilikutana uwanjani kwa Miami, na Miami ikashinda 27 kwa 24. Notre Dame ikapoteza tena mchezo uliofuata, safari hii nyumbani South Bend, mbele ya Texas A&M, 41 kwa 40. Kutoka hapo ilishinda michezo kumi mfululizo, mingi kwa tofauti kubwa, na ushindi wake wenye uzito kuliko wote ulikuwa dhidi ya USC, 34 kwa 24. Miami nayo ilipoteza kwa Louisville na kwa SMU, kisha ikamaliza msimu ikiwa sawa kabisa na Notre Dame, ushindi kumi na vipigo viwili. Wanaoitetea Notre Dame wana hoja nzuri, nami siidharau: vipigo vyake vyote viwili vilitoka kwa timu zilizoingia katika 12 bora, na ukijumlisha tofauti ya magoli ya michezo hiyo miwili, kama tungehesabu kwa lugha ya kandanda, unapata pointi nne tu. Miami ilifungwa na timu ambazo hazikukaribia kufika huko. Lakini hoja hiyo inagonga mwamba pale pale inapoanzia, kwa sababu moja kati ya timu mbili zilizoifunga Notre Dame ni hiyo hiyo Miami inayodaiwa kuwa haistahili. Timu mbili zinapokuwa na rekodi sawa, na moja imeshamfunga mwenzake uwanjani, sioni kipimo kingine kinachoweza kulishinda jambo hilo.

Tatizo ni kwamba kamati yenyewe haikuliona hivyo kwa mwezi mzima. Orodha yake ya kwanza, iliyotoka tarehe 4 Novemba, iliiweka Notre Dame nafasi ya 10 na Miami nafasi ya 18, wakati zote mbili zilikuwa zimeshinda michezo sita na kupoteza miwili. Wiki baada ya wiki Notre Dame ilitangazwa kuwa juu ya timu iliyokuwa imeifunga. Kisha siku ya mwisho, bila timu hizo kucheza mchezo wowote wikendi hiyo, Miami ikapandishwa hadi nafasi ya 10 na Notre Dame ikashushwa hadi ya 11, ambayo mwaka huo ilikuwa nje, kwa kuwa mabingwa wawili wa ligi waliokuwa chini ya nafasi ya 12 waliingia kwa haki yao. Mwenyekiti wa kamati, Hunter Yurachek, alieleza kwamba hapo awali BYU (Chuo Kikuu cha Brigham Young) ilikuwa katikati yao, na kwamba BYU ilipoanguka ndipo timu hizo zilipokaa bega kwa bega na mchezo wao wa Agosti ukapewa uzito kamili. Maelezo hayo siyapingi kwa maana ya utaratibu. Ninachokipinga ni kwamba mchezo uliochezwa Agosti uligeuka kuwa na uzito Desemba kwa sababu ya kipigo cha timu ya tatu. Mchezaji wa Notre Dame aliyekuwa akitazama orodha hizo kwenye televisheni alikuwa na haki ya kuamini kwamba kazi yake ilikuwa imekamilika. Ameshinda kila mchezo tangu katikati ya Septemba, na kila wiki ameambiwa kwamba yumo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona halijajadiliwa vya kutosha. Orodha ya Novemba 25 iliiweka Notre Dame ya 9 na Alabama ya 10. Wikendi hiyo Notre Dame iliifunga Stanford 49 kwa 20, na Alabama ikaifunga Auburn 27 kwa 20. Orodha iliyofuata ikawabadilishia nafasi: Alabama ya 9, Notre Dame ya 10, BYU ya 11 na Miami ya 12. Tarehe 6 Desemba, Alabama na BYU zote mbili zilicheza fainali za ligi zao. BYU ilifungwa na Texas Tech 34 kwa 7 katika fainali ya Big 12, ikashushwa hadi nafasi ya 12 na kuachwa nje. Alabama ilifungwa na Georgia 28 kwa 7 katika fainali ya SEC, mojawapo ya ligi zenye nguvu zaidi, kikawa kipigo chake cha tatu msimu huo, na haikushuka hata nafasi moja.

Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu. BYU ilikuwa na vipigo viwili tu, vyote kutoka kwa timu moja, nayo ni Texas Tech, iliyopangwa ya nne nchini. Alabama ilikuwa na vitatu, na cha kwanza kilitoka kwa Florida State, timu iliyomaliza msimu ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Ikiwa kanuni ni kwamba timu isiadhibiwe kwa kufika fainali ya ligi yake, kanuni ambayo binafsi naiunga mkono, basi BYU nayo isingeshushwa. Na kama BYU ingebaki palepale katikati, kwa mantiki ya mwenyekiti mwenyewe, Miami na Notre Dame zisingekaa bega kwa bega. Ikiwa kanuni ni kwamba kipigo kizito hushusha, basi Alabama ingeshuka, na Notre Dame na Miami zingeingia zote mbili. Kamati ilitumia kanuni mbili kwa siku moja, na tofauti pekee ninayoiona ni kwamba moja ya timu hizo inatoka SEC. Watetezi wa Alabama husema kwamba iliifunga Georgia ugenini mwezi Septemba, 24 kwa 21, na kwamba ratiba yake ilikuwa ngumu kuliko ya BYU. Ni kweli, na ushindi ule ni mkubwa kuliko wowote walioupata Notre Dame. Lakini ugumu wa ratiba ulikuwa umekwisha kuhesabiwa katika nafasi ya 9 iliyopewa kabla ya fainali. Mtu hawezi kulipwa mara mbili kwa kazi ile ile.

Wapo waliozielekezea lawama Tulane na James Madison, vyuo vya ligi ndogo vilivyoingia na kufungwa katika raundi ya kwanza. Hao hawakumnyang'anya mtu kitu. Kanuni ilisema mabingwa watano, na ligi ya ACC ilipata bingwa mwenye vipigo vitano, Duke, hivyo nafasi ikaenda kwa James Madison iliyokuwa imepoteza mchezo mmoja tu. Nisingependa kuona mlango huo ukifungwa.

Wala nisingependa tutumie matokeo ya baadaye kama ushahidi. Miami ilifika hadi fainali na kufungwa na Indiana 27 kwa 21. Alabama iliitoa Oklahoma kisha ikafungwa na Indiana hiyo hiyo 38 kwa 3. Kamati haikuyajua hayo Desemba. Uamuzi hupimwa kwa yaliyokuwa mezani siku ulipofanywa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dawa iliyochaguliwa. Kwa makubaliano yanayoanza kutumika msimu wa 2026, Notre Dame, ambayo haimo katika ligi yoyote ya futiboli, itahakikishiwa nafasi ikiwa tu kamati itaiweka ndani ya 12 za juu za orodha. Hebu tuitumie kanuni hiyo kwa mwaka 2025. Notre Dame ilikuwa ya 11, kwa hiyo ingeingia. Nani angetoka? Nafasi saba za wasio mabingwa zilijazwa na Ohio State, Oregon, Ole Miss, Texas A&M, Oklahoma, Alabama na, mwisho kabisa, Miami. Angetoka Miami: timu iliyokuwa juu yake katika orodha, yenye rekodi sawa, na iliyoifunga uwanjani. Huo ungekuwa ushindi wa mezani wa wazi kabisa.

Najua hoja ya upande wa pili, kwamba timu isiyo na ligi haina ubingwa wa kuiingiza moja kwa moja na hivyo inastahili kinga nyingine. Lakini kutokuwa na ligi ni uamuzi wa Notre Dame yenyewe, na una faida zake: msimu wa 2024, ilipofika fainali na kufungwa na Ohio State 34 kwa 23, ilipata takriban dola milioni 20 kutoka katika mashindano hayo bila kugawana na yeyote, wakati fedha za wengine hupitia ligi zao. Chuo kinachobaki peke yake ili kisigawane fedha kikubali pia kubeba peke yake hatari ya kuachwa. Kama ni lazima kuiponya kamati, ningeanza na mambo mawili: kuziondoa orodha za kila wiki ili wajumbe waamue mara moja, msimu ukiwa umekwisha, na kuandika kanuni kwamba kati ya timu zenye rekodi sawa, mchezo wa ana kwa ana hutangulia, ziwe zimekaa jirani katika orodha au la.

Miami itakwenda South Bend Novemba 2026. Wanaoitetea kinga mpya ya Notre Dame ningependa watueleze, kabla mchezo huo haujachezwa, Miami itapata nini ikishinda tena, na timu zote mbili zikimaliza na vipigo viwili.