Nachora kituo kimoja cha zimamoto na ambulensi, mzee kaiona ramani akacheka. Nimekosea wapi?

MchoraRamani:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni msanifu majengo. Nimepewa kazi ya kuchora kituo ambacho zimamoto na watu wa ambulensi watakaa chini ya paa moja: magari mawili ya moto, ambulensi mbili, watu kumi na wawili kwa zamu. Mteja anataka jengo lisilokula umeme, livune maji ya mvua, hewa ipite yenyewe. Hayo nayaweza.

Shida ni mpangilio. Nimebana eneo, maana jengo dogo ndiyo saruji kidogo. Ukumbi wa magari ni mmoja, nguo za moto zinatundikwa ukutani palepale, stoo ya dawa iko upande wa pili. Vyumba vya kulala viko ghorofani juu ya magari, na nimeacha uwazi katikati ili hewa ipande. Mzee mmoja wa zimamoto kaangalia, kacheka, kaondoka. Kachekea nini?

BombaLaZamani:
Kachekea huo uwazi, mkuu. Umejenga dohani ya kupeleka moshi wa dizeli vitandani. Nimelala kituo cha namna hiyo miaka minane. Ukipitisha kitambaa cheupe juu ya kabati asubuhi, kinarudi cheusi. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, mwaka 2012, na 2022 likaiweka kazi yenyewe ya uzimamoto kundi hilohilo.

Nguo zikitoka motoni huendelea kutoa sumu hata zikiwa zimetundikwa. Kwa hiyo gawa jengo: upande mchafu, chumba cha kupitia chenye bafu, halafu upande safi. Mtu akirudi asiwe na njia ya kufika jikoni bila kupita bafuni. Na kila gari lifungiwe bomba la kunyonya moshi kwenye ekzosi. Ukimaliza hapo ndipo uongee habari za sola.

SirenaNyeupe:
Na sisi wa ambulensi mnatusahau kama kawaida. Kaka, dawa zetu nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi 25, wewe umezipakanisha na ukumbi wa magari yanayoingia yamechemka.

Halafu sinki. Kituo nilichokuwepo kilikuwa nayo moja. Mimi naosha ubao wa kubebea majeruhi, damu inachuruzika, mwenzangu wa zimamoto kasimama nyuma na sufuria ya wali ananisubiri nimalize. Tuwekee chumba chetu cha kusafishia, chenye mfereji wake na mlango wake.

Jingine: usiku sisi tunaitwa mara nyingi kuliko wao. Ukiweka kengele moja kwa wote, utawaamsha watu wanane kwa safari ya wawili. Kengele zitenganishwe kwa chumba, sauti ianze chini ipande, taa iwe nyekundu.

MchoraRamani:
Aisee. Uwazi nimeufuta. Ila kiwanja ni kidogo, ghorofa siwezi kuikwepa. Vipi ile nguzo ya kutelezea toka ghorofani hadi kwenye magari?

BombaLaZamani:
Watu wamevunjika vifundo vya miguu kwenye hiyo nguzo. Ngazi pana, iliyonyooka, basi.

MtuWaNyaya:
Kiwango cha NFPA 1710, cha chama cha kinga ya moto cha Marekani, kinawapa ambulensi sekunde 60 toka wapate taarifa hadi waanze safari, zimamoto 80. Kwa hiyo wa ambulensi walaze chini, wa moto juu, kiwanja kitakutosha. Vyumba visiwe juu ya magari, viwe juu ya ofisi.

Umeme: kituo hakilali, jua linalala. Tenga saketi za lazima (redio, kengele, milango, friji ya dawa) kwenye betri, na jenereta usiitoe hata mteja akinuna. Milango ya kukunja pembeni hufunguka haraka kuliko ya kupanda juu.

Maji ya mazoezi yarudishe kwenye tangi la chini, yachujwe, yatumike tena. Gari moja linabeba lita elfu mbili au tatu, yanamwagwa bure kila wiki. Ila povu la zamani la kuzimia moto lenye PFAS (kemikali zenye sumu zisizooza) lisiingie humo hata tone, maana halitoki.

MchoraRamani:
Nimechora upya. Nguo za moto nimezipa chumba chao chenye paa la kioo, zikauke kwa jua bila umeme.

BombaLaZamani:
Jua linakula kitambaa cha hizo nguo, mkuu. Chumba kiwe na giza, feni ya kutoa hewa nje, na joto mnalolipata kwenye paneli za maji moto mlipitishe humo.

MchoraRamani:
Sawa, kioo nimekitoa. Mzee nimemtumia mchoro jana usiku. Kajibu asubuhi, mstari mmoja: "Mashine ya kufulia hizo nguo iko wapi?"

Narudi mezani.