Kampuni ya seva wanaita "matumizi ya haki" lakini kipimo hawakitaji. Wamenifungia seva saa 37 katikati ya msimu wa mlima

Wakuu, habari za usiku. Tangu Ijumaa sijalala vizuri, na uzi huu naandika nikiwa na hasira. Ni mrefu, mtanivumilia.

Niko Moshi, nina ofisi ndogo jirani na Double Road. Natengeneza na kutunza tovuti za kampuni ndogo za kupandisha wageni Kilimanjaro. Nina wateja tisa. Wengine ofisi yao ni chumba kimoja, meza, ramani ya mlima ukutani na simu. Kwa watu hawa tovuti ndiyo duka. Mgeni aliyeko Ujerumani au Marekani hapiti hapa mjini kuchungulia dirishani. Anafungua ukurasa, anaangalia tarehe za kupanda kwa njia ya Machame au Lemosho, anajaza fomu. Ukurasa usipofunguka anaenda kwa mwingine, na kampuni za mlima Moshi na Arusha hazina idadi.

Tovuti zote tisa, pamoja na barua pepe zao, ziko kwenye VPS moja niliyokodi, yaani seva ambayo ni kipande cha mashine kubwa ya kampuni. Prosesa nne, rami gigabaiti 8, diski ya SSD gigabaiti 160, na kwenye ukurasa wa kuuzia wameandika kwa herufi kubwa TRAFIKI BILA KIKOMO. Nalipa shilingi 95,000 kwa mwezi na sijawahi kuchelewa. Jina la kampuni silitaji, naomba na wachangiaji msilitafute, maana ninachosema hapa kinahusu biashara hii karibu yote.

Ijumaa saa 4 usiku wakaizima seva. Taarifa ya kuizima walinitumia kwa barua pepe, na barua pepe yangu iko kwenye seva hiyohiyo waliyoizima. Namba yangu ya simu wanayo, ndiyo wanayotumia kunikumbusha malipo. Hawakupiga. Nimejua Jumamosi saa 12 asubuhi, baada ya mteja kuniuliza kwa nini tovuti yake haifunguki.

Nikaingia kwenye paneli yao, ule ukurasa wa kusimamia akaunti, nikakuta mistari miwili: akaunti imesimamishwa kwa kukiuka sera ya matumizi ya haki, punguza matumizi au pandisha kifurushi. Sasa nipunguze vipi matumizi ya seva ambayo siwezi hata kuingia ndani yake? Nikafungua tiketi, yaani malalamiko kwa huduma kwa wateja. Nikauliza swali moja tu: kiwango ni kipi? Wa kwanza akajibu kwamba kiwango ni "matumizi yasiyoathiri wateja wengine". Hiyo siyo namba. Nikauliza tena. Wa pili akasema wastani wa asilimia 50 ya prosesa. Jioni akaja wa tatu, akasema asilimia 25 kwa muda mrefu. Muda mrefu ni dakika kumi au ni siku tatu? Kimya. Na tufanye hesabu kidogo: asilimia 25 ya prosesa nne ni prosesa moja. Basi andika unauza prosesa moja, na ruhusa ya kutumia nne kwa dakika chache. Ningenunua hivyohivyo, ila ningejua nimenunua nini.

Wakati tunabishana kwenye tiketi, wageni watatu wa mteja wangu mmoja, mzee ambaye ananiita binti yake, walikuwa angani. Walikuwa wafike Jumapili. Ndege yao ikabadilishwa, wakaandika barua pepe Ijumaa usiku kwamba watatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Jumamosi saa 2 usiku. Seva ya barua pepe ikiwa imezimwa, ujumbe haupotei palepale. Seva inayotuma huuweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena, mara nyingi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo wale wageni hawakuona tatizo lolote. Kwao barua ilikuwa imekwenda. Wakatua, wakatoka nje na mizigo yao, wakatafuta kibao chenye majina yao, hakuna. Mpaka saa 4 usiku ndipo mtu akawaazima simu. Mzee akanipigia: "Binti, wageni wangu wako KIA peke yao, hiyo barua iko wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Akatuma gari usiku huo, kama kilomita 40 kutoka hapa. Mmoja wa wageni alikuwa mtoto wa miaka 14. Barua yenyewe iliingia Jumapili baada ya saa 5 asubuhi, seva ilipowashwa, wageni wakiwa wameshakunywa chai hotelini.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinatokea ndani, kwa wale wanaojua mambo haya na kwa wale ambao hawajui lakini wanalipa.

Ukinunua VPS ya kugawana, prosesa zako nne si chuma ulichotengewa wewe. Kuna mashine moja kubwa, juu yake kuna programu inayowagawia wapangaji zamu za kutumia prosesa halisi. Kampuni inauza prosesa nyingi kuliko zilizomo kwenye mashine, ikitegemea kwamba wapangaji hawatazitaka zote kwa saa moja. Hilo silipingi. Ndilo linalofanya bei iwe ya kuvumilika. Lakini wakiuza kupita kiasi, seva yako inataka kufanya kazi na inaambiwa isubiri zamu. Linux, mfumo unaoendesha seva, inahesabu huo muda wa kusubiri. Fungua top, amri inayoonyesha seva inafanya nini, angalia zile asilimia za prosesa, ya mwisho imeandikwa st. Ndiyo muda ulioibwa. Seva yangu ilianza kuwa nzito tangu mwezi uliopita, kwa hiyo nilikuwa narekodi kila dakika tano. Mchana st ilikuwa 2 au 3. Usiku, kuanzia saa 3, ilikuwa 25, 30, mara moja 41. Maana yake usiku, kati ya saa 3 na 6, karibu theluthi ya muda wa prosesa niliolipia walikuwa wanakula majirani zangu, au niseme kweli, kampuni iliyowauzia majirani kitu kilekile iliyoniuzia mimi.

Na ushahidi walionipa kwamba mimi ndiye mkosaji ni "wastani wa mzigo umefika 11". Wakuu, huu mzigo hauonyeshi umetumia prosesa kiasi gani. Unahesabu kazi zinazotekelezwa na kazi zilizo kwenye foleni, na kwenye Linux unahesabu hata kazi zilizokwama zikisubiri diski. Ukimnyang'anya mtu zamu yake, kazi zake zinarundikana, mzigo unapanda. Diski ya pamoja ikielemewa, mzigo unapanda hata kama prosesa imekaa bure. Kwa hiyo wamenipunja, kisha wakachukua alama za kupunjwa kwangu wakazifanya kosa langu. Niliwatumia rekodi zangu za st, zote, na saa zake. Wakajibu kwamba suala limepelekwa kwa wataalamu. Hapo ndipo nilipotetemeka kwa hasira.

Na sisemi kwamba upande wangu ulikuwa safi. Walipofungua nikapitia kumbukumbu za seva, nikakuta roboti mbili. Moja ilikuwa inajaribu nywila kwenye ukurasa wa kuingilia wa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, jambo la kila siku. Ya pili ilinisikitisha zaidi. Moja ya tovuti ina kalenda ya tarehe za kupanda, yenye kitufe cha "mwezi ujao". Kitufe hakina mwisho. Roboti ya kukusanya kurasa imeingia hapo, inabonyeza mwezi ujao, mwezi ujao, usiku na mchana, na kila mwezi ni ukurasa mpya wa kutengenezwa kutoka kwenye hifadhidata. Ilikuwa imefika Machi 2071. Dawa yake ilinichukua dakika kumi: kalenda iishie miezi 18 mbele, na roboti ile izuiwe mlangoni. Dakika kumi! Wangenitumia ujumbe mmoja wa simu Ijumaa mchana, nisingekuwa na uzi huu, na yule mtoto asingekaa KIA usiku.

Mimi ni mtoto wa Kibosho. Nimekulia kwenye mfongo. Kwa wasiojua, mfongo ni mfereji wa kuleta maji kutoka mtoni mpaka kwenye mashamba ya migomba, wazee waliichimba miaka mingi sana kabla ya mabomba. Maji ni kidogo na watu ni wengi, kwa hiyo yanagawanywa kwa zamu. Kwa babu zamu yetu ilikuwa siku fulani, kuanzia alfajiri mpaka jua likifika juu ya mti fulani, kisha unaziba na maji yanakwenda kwa jirani. Kila nyumba ilijua zamu yake na ilijua zamu ya jirani. Ukiiba maji nje ya zamu unaitwa mbele ya wazee, unaambiwa umechukua lini na kwa kiasi gani, unatozwa. Usipotokea siku ya kusafisha mfereji, maji hupati. Mkali, lakini yote yanajulikana kabla. Sijawahi kusikia mzee wa mfongo akimzibia mtu maji usiku, shamba likiwa na miche, halafu akiulizwa zamu ni saa ngapi aseme "zamu ni ile isiyoathiri wengine". Wangemfukuza. Nikisikia kampuni ikitumia neno haki kwenye kitu walichokificha, naumia kwa ajili ya hilo neno.

Hata huku mjini tumezoea kuona kipimo. LUKU inakuonyesha uniti zilizobaki. Kifurushi cha simu kikikaribia kuisha unapata ujumbe kwamba umetumia asilimia 75. Seva ya shilingi 95,000 kwa mwezi, ambayo mashine yake inajua kila sekunde natumia nini, inashindwa nini kunionyesha mstari kwenye paneli: hiki ndicho kikomo chako, hapa ndipo ulipo?

Na hiyo "trafiki bila kikomo" nayo. Waya wangu ni wa megabiti 100 kwa sekunde. Ukiujaza siku 30 bila kupumua unapitisha kama terabaiti 32. Hicho ni kikomo. Kiandikeni.

Najua kuna watakaokuja kusema "hamia prosesa za kutengewa peke yako". Nimeuliza bei, ni zaidi ya mara tatu. Wateja wangu tisa nikiwagawia hiyo gharama, wanne wataondoka. Wengine watasema bei rahisi ndiyo matokeo yake. Bei sijailalamikia popote. Niuzieni kidogo kwa bei ndogo, ila mniambie ni kidogo kiasi gani. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na iko Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Barua yangu kwa Tume nimeshaandika kurasa mbili, nimeambatisha picha ya tangazo lao na majibu yao matatu yenye vipimo vitatu.

Kwa sasa barua pepe nimezitoa, nimezihamishia sehemu tofauti na tovuti, kazi iliyonikesha Jumapili nzima. Taarifa za kampuni ya seva zinakuja kwenye anwani nyingine kabisa. Nakala za akiba zinakwenda nje kila usiku. Kama mna tovuti na barua pepe sehemu moja, fanyeni hilo leo, msisubiri.

Ninachoomba kwa wenye VPS za kugawana, hasa nyie wa Arusha mnaohudumia kampuni za safari msimu huu: leo saa 4 usiku fungueni top, muangalie st, muweke hapa chini. Namba, saa, idadi ya prosesa mlizouziwa, na kama sera ya kampuni yenu inataja kiwango au inasema maneno tu. Majina ya wateja wenu msiweke. Nitazikusanya niziambatishe kwenye barua kabla sijaipeleka Jumatatu.

Tiketi yangu bado imeandikwa "inashughulikiwa". Usiku huu st ni 29.