Kona, kipa aliyetoka na beki mmoja mstarini: lilikuwa bao halali au kuotea?

Mdau wa Katubuka (Kigoma)

Ndugu wadau, habari za jioni. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi ambao tangu Jumapili haujaisha kwenye vijiwe vya kahawa hapa kwetu. Katika nusu fainali ya ndondo ya kata, matokeo yakiwa sare na muda ukiwa umekwenda sana, timu yetu ilipata kona. Mpira ulipigwa kuelekea nguzo ya karibu, kiungo wetu akaugusa kwa kichwa ukaelekea nguzo ya mbali, na wakati huo kipa wa wapinzani alikwisha kutoka golini kuufuata na kuukosa. Mshambuliaji wetu, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka mstari wa goli, akausukuma wavuni, ilhali beki mmoja wa wapinzani amesimama juu ya mstari wenyewe, bega limeegemea nguzo. Mshika kibendera akanyoosha kibendera, refa akalikataa bao, na uwanja ukachafuka.

Sisi tunasema hivi: kona haina kuotea, jambo ambalo hata mtoto anayecheza chandimu analijua. Na hata kama ingekuwa na kuotea, beki alikuwa nyuma ya mchezaji wetu, hivyo aliotea vipi? Kinachotuuma zaidi ni kwamba kipindi cha kwanza wapinzani walifunga bao ambalo mfungaji wao alikuwa mbele ya mabeki wetu wote, refa akalikubali kwa maelezo kwamba mpira ulimgusa beki wetu njiani. Iweje sheria moja itufunge sisi na kuwafungulia wao? Mwenye kuijua sheria yenyewe, si mwenye kuisikia redioni, naomba atufafanulie.

Kibendera cha Isevya (Tabora)

Ndugu mleta mada, nimeshika kibendera katika viwanja vya Tabora kwa misimu kadhaa, kwa hiyo nitajibu kwa utaratibu, na nakuomba usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Kwa maelezo uliyoyatoa, bao lenu lilikataliwa kwa haki.

Ni kweli kwamba hakuna kosa la kuotea mchezaji anapoupokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona, mpira wa kurusha au goli kiki. Maneno yanayosahaulika ni hayo ya "moja kwa moja". Kiungo wenu alipougusa mpira kwa kichwa, msamaha wa kona ulikwisha papo hapo, na hesabu ikaanza upya kuanzia mguso wake.

Sasa tuje kwa yule beki wa mstarini. Sheria ya 11, ile ya kuotea, haimtaji beki wa mwisho popote. Inamtaja mpinzani wa pili kutoka mwisho, na kipa anahesabiwa kama mpinzani mwingine yeyote. Kwa kawaida kipa ndiye wa mwisho, na beki ndiye wa pili, ndiyo maana watazamaji wengi wamezoea kumtazama beki peke yake na mazoea hayo hayawaponzi. Lakini kipa akishatoka na kupitwa, yule beki wa mstarini ndiye anakuwa wa mwisho, na wa pili atatafutwa miongoni mwa waliobaki, awe kipa mwenyewe au beki mwingine. Mchezaji wenu alikuwa amewapita hao wote na kuupita mpira pia, akabaki na mtu mmoja mbele yake. Angekuwa usawa mmoja na huyo wa pili, au nyuma ya mpira wakati unaguswa, bao lingekuwa halali.

Jambo hili si geni, na limewahi kuwaduwaza watu walio mbali sana na ndondo. Tarehe 11 Juni 2010, Johannesburg, katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, Carlos Vela wa Mexico aliifunga Afrika Kusini bao la namna hiyo hiyo: ilipigwa kona, mpira ukaguswa na mwenzake, kipa Itumeleng Khune akiwa ametoka golini, na mwenyeji mmoja tu akiwa amebaki karibu na mstari. Bao lilikataliwa kwa haki, na mechi ikaisha kwa sare ya 1-1. Mwaka 2022 nchini Qatar likajirudia katika mechi ya ufunguzi pia, Ecuador ilipokataliwa bao la Enner Valencia dakika za mwanzo kabisa kwa sababu Michael Estrada, aliyehusika kabla yake, mguu wake ulikuwa umempita mpinzani wa pili kutoka mwisho baada ya kipa wa Qatar kutoka. Uwanja mzima ulishangaa hadi picha ya kompyuta ilipoonyeshwa.

Beki Mstaafu (Ujiji)

Nimekuelewa, ndugu yangu wa Tabora, lakini sikubali kwamba mambo yameishia hapo. Nilikuwapo uwanjani siku hiyo. Watu walikuwa wamesogea hadi juu ya mstari wa pembeni, chokaa yenyewe haionekani, na mshika kibendera alikuwa akipita huku akiwasukuma watoto kwa kiwiko. Kona ilipopigwa alikuwa amekwama nyuma ya mama mmoja muuza karanga, yapata hatua nne kabla ya kufika usawa wa mabeki. Mtu aliyesimama hapo amewezaje kuona mguu wa nani ulikuwa mbele ya nani? Sheria inaweza kuwa nzuri, ila macho yaliyoitumia yalikuwa mahali pabaya.

Na kwa maoni yangu, mchezaji mwenye mpinzani mmoja aliyesimama juu ya mstari wa goli hajaiba chochote. Kuotea kuliwekwa kuzuia watu kumsubiri kipa golini, si kumwadhibu anayeuwahi mpira ambao kipa ameushindwa mwenyewe.

Mdau wa Katubuka (Kigoma)

Asanteni nyote. Hoja ya kipa nimeipata, ingawa sijui nitawaeleza vipi vijana wa kijiweni. Ila ndugu wa Tabora umelikwepa lile bao la kipindi cha kwanza. Ilikuwa pasi ndefu ya juu kutoka katikati ya uwanja, beki wetu akaruka kujaribu kuuondoa mpira, ukamparuza utosini, ukamwangukia mshambuliaji wao aliyekuwa nyuma yake peke yake. Refa alisema mguso wa beki umeifuta kuotea. Je, ni kweli?

Na swali la pili: tunaweza kukata rufaa kwa kamati ya mashindano?

Mwalimu wa Michezo (Kasulu)

Naomba niingilie kwenye hilo la mguso, kwa sababu ndilo linalowachanganya hata waamuzi wenyewe.

Kuwa katika nafasi ya kuotea si kosa kwa peke yake. Kosa linakuja mchezaji huyo anapoucheza mpira uliotoka kwa mwenzake, anapomzuia mpinzani, kwa mfano kwa kumziba kipa asiuone mpira, au anapofaidika na mpira uliorudi baada ya kugonga nguzo, kuokolewa au kumgonga mpinzani. Beki akiucheza mpira kwa makusudi, isipokuwa pale anapookoa mpira unaoelekea golini, mshambuliaji anasamehewa. Ukimgonga tu na kubadili njia, hasamehewi. Ubishi wote unakaa kwenye hayo maneno "kwa makusudi", maana zamani yalikuwa yakisomwa kana kwamba beki akishanyoosha mguu basi amekusudia, na mambo yameisha.

Bao lililowafumbua wengi macho ni la Kylian Mbappé tarehe 10 Oktoba 2021 jijini Milan, fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, Ufaransa ilipoifunga Hispania 2-1. Mbappé alikuwa amekwisha kumpita beki wa mwisho pasi ilipotolewa, lakini Eric García alijirusha akaugusa mpira kidogo, bao likakubaliwa. Waamuzi walifuata sheria kama ilivyosomwa wakati ule, na bado watu wengi wa mpira walihisi kwamba beki ameadhibiwa kwa kujitahidi. Mwaka uliofuata, 2022, ukatolewa ufafanuzi kwamba kucheza kwa makusudi ni pale beki anapoutawala mpira kiasi cha kuweza kumpa mwenzake, kuumiliki au kuuondoa. Refa aangalie kama mpira ulitoka mbali na beki aliuona vizuri, kama haukuwa na kasi kubwa, kama alipata muda wa kuuweka mwili wake sawa, na akumbuke kwamba mpira wa chini ni rahisi kuutawala kuliko wa juu.

Ukilipima la kwenu kwa kipimo hicho, mpira ulitoka mbali, hilo ni la upande wa refa. Lakini ulikuwa wa juu, beki aliruka kwa kujinyoosha, na ulimparuza tu. Mimi ningelihesabu kuwa kuotea. Refa wenu inaelekea anatumia usomaji wa zamani, na hayuko peke yake.

Mshabiki wa Wananchi (Kigoma)

Mbona mnahangaika na ndondo wakati hata wenye VAR, yaani waamuzi wa video, wanatuumiza? Mmesahau bao la Aziz Ki wa Yanga dhidi ya Mamelodi Sundowns kule Pretoria, Aprili 2024?

Mwalimu wa Michezo (Kasulu)

Hatujalisahau, ila ubishi ule ulikuwa wa mpira kuvuka mstari wa goli, wala hauhusiani na kuotea. Tafadhali ulifungulie mada yake, nitakuja huko na nina mengi ya kusema.

Kibendera cha Isevya (Tabora)

Nimjibu Beki Mstaafu, kwa sababu hoja yake ya mahali aliposimama mshika kibendera ni nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Mshika kibendera anatakiwa awe usawa wa mpinzani wa pili kutoka mwisho, au usawa wa mpira ukiwa karibu zaidi na mstari wa goli. Akibaki nyuma, jicho lake linakata uwanja kwa mshazari. Hapo mshambuliaji aliye karibu naye kuliko beki ataonekana ameotea hata kama wako sawa, na mshambuliaji aliye upande wa mbali ataonekana yuko salama hata kama amezidi. Akitangulia mbele ya mstari wa beki, makosa hayo yanageuka. Kwa hiyo tuambie, mfungaji alikuwa upande upi? Kama alikuwa nguzo ya mbali na mshika kibendera, kuchelewa kwake kungemsaidia mshambuliaji wenu, na bado aliona amezidi. Mtu aliyezidi kwa hatua nzima haponi kwa hatua nne za mshika kibendera.

Kuhusu sheria kuonea, kabla ya mwaka 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu mbele yake, na usawa mmoja ulihesabiwa kuwa kuotea hadi 1990. Imekuwa ikilegezwa upande wenu washambuliaji muda wote huo.

Kuhusu rufaa, msipoteze ada yenu. Uamuzi wa refa juu ya tukio la mchezo, likiwemo bao kukubaliwa au kukataliwa, ni wa mwisho. Andikeni barua mkiiomba kamati izungushe kamba kuuzunguka uwanja, mita mbili kutoka mstari wa pembeni, na waweke watu wa kuilinda. Hilo wanaweza kulitekeleza kabla ya fainali.

Beki Mstaafu (Ujiji)

Alikuwa nguzo ya mbali. Haya, kwa hilo la upande nimenyamaza. Kuhusu sheria yenyewe, bado nasema mtu aliyebakiwa na beki mstarini hajamwonea mtu.

Mdau wa Katubuka (Kigoma)

Barua ya kamba nitaiandika mimi, na muuza karanga atafutiwe nafasi nyuma ya goli. Lile bao lao la kipindi cha kwanza nitaendelea kuliita kuotea hadi refa atakapoonyeshwa huo ufafanuzi wa 2022. Mwalimu, kama unao kwa Kiswahili, nitumie niuchapishe.