Kikundi: Ukoo wa Bibi, Korogwe

Mama Zai: Jamani amkeni. Ba'mdogo katapika damu usiku, choo cheusi kama lami. Kaongezewa chupa 3. Wachangiaji 6 wanatakiwa kabla ya saa 4, kundi lolote, benki wanabadilisha.

Mama Zai: Mmesoma watu 19. Kimya?

Kaka Daktari: Picha ya CT ya mishipa imesomwa. Juisi ya kongosho imekula ukuta wa ateri ya bandama, yaani mshipa unaoipelekea damu, pametuna kifuko cha damu cha sentimita 3. Kikipasuka tena, chupa 6 hazitoshi.

Shemeji: Mbona kamera ya tumboni ya juzi haikuona kidonda?

Kaka Daktari: Damu inapita mfereji wa kongosho, inatokea kwenye utumbo, tena kwa vipindi. Kamera ilipita damu ikiwa imesimama.

Ba'mkubwa Chalinze: Damu yangu mimi ni supu ya pweza tupu, mgonjwa ataamka anaogelea 😂

Kassim: 😂😂😂

Mama Zai: Ba'mkubwa shikamoo, unakuja au huji?

Kaka Daktari: Saa 5 mrija unapitishwa pajani hadi kwenye ateri, wanaziba kwa koili, vijiwaya vya kujikunja, pande zote mbili za kifuko. Wakiziba upande mmoja, damu inarudi kwa upande wa pili na kifuko kinajaa upya. Ikishindikana, au presha ikiporomoka, ni kisu: mkia wa kongosho unatoka pamoja na bandama.

Shangazi Mwanne: Bandama imekosa nini?

Kaka Daktari: Vena yake, mshipa wa kurudisha damu, imeziba kwa damu iliyoganda, shangazi. Damu imejitafutia njia kwenye vena za tumbo, zimevimba, nazo zinaweza kupasuka. Bandama ikitoka, zinanywea. Ila chanjo za nimonia na uti wa mgongo apate wiki 2 baada ya upasuaji, na homa yoyote maishani ni hospitali siku hiyohiyo.

Shangazi Mwanne: Sawa. Lakini msiba wa Kange nilitoa mimi na wanangu, wengine mkawa "njiani".

Ba'mkubwa Chalinze: Mwanne, Kange tena?

Shangazi Mwanne: Na lile gari halijarudi.

Zai: Bibi anasema niandike hivi: "Mwanangu akatwe kinachokatwa. Anayebishana leo, asije kunizika."

Ba'mkubwa Chalinze: Nimesikia, mama. Nawasha gari.

Kassim: Mimi nilitoa damu mwezi jana, nahesabiwa?

Kaka Daktari: Hapana. Mwanamume anasubiri miezi 3, mwanamke 4. Uzito kuanzia kilo 50.

Mama Zai: Basi tuko 4, bado 2. Na nani analala naye leo?

Shemeji: Mimi mpaka saa 2 usiku.

Mama Zai: Na baada ya hapo?